Nani Yuko Ndani ya Sanduku?

Siku hizi hakuna mjadala unaokwisha hapa shuleni bila mtu kutaja akili unde. Huyu anasema itatuandikia insha, yule anasema itawafuta madaktari kazi. Wote wanakubaliana kwa jambo moja: ati mashine inafikiri yenyewe. Ngojeni kidogo! Kabla ya kuipigia makofi, tuulize ni nani aliyeifunza.

Mwenye macho haambiwi tazama, walisema wahenga. Tarakilishi haina macho, kwa hivyo lazima iambiwe. Wewe ukiona ng'ombe kwenye picha unamjua, hata kama ni pembe tu zinazochungulia nyuma ya ua. Tarakilishi inaona nambari za rangi, basi. Ili ijue, sharti mtu aketi, aitazame picha ile, aandike "ng'ombe". Kisha nyingine, na nyingine, maelfu kwa maelfu. Mashine hukisia, ikikosea inarekebisha hesabu zake, inakisia tena. Ni kama mwanafunzi anayefanya mazoezi yenye majibu nyuma ya kitabu, na majibu hayo kuna mtu aliyeyaandika.

Ni watu wangapi? Mwaka wa 2009 Profesa Fei-Fei Li na wenzake huko Marekani walitangaza mkusanyiko wa picha uitwao ImageNet, ambao baadaye ulipita picha milioni 14. Waliozipanga picha hizo ni watu karibu 49,000 kutoka nchi 167. Walipata vibarua hivyo kupitia soko la Amazon kwenye intaneti liitwalo Mechanical Turk.

Jina hilo lina kisa. Mwaka wa 1770 kule Vienna, Wolfgang von Kempelen alimwonyesha Malkia Maria Theresa sanamu iliyovaa kilemba cha Kituruki, ikicheza sataranji na kuwashinda watu. Ulaya ikashangaa. Kumbe ndani ya sanduku lililokuwa mbele ya sanamu alijikunyata mchezaji hodari, na mshumaa wake, akiuongoza mkono wa sanamu! Amazon ilipofungua soko lake mwaka wa 2005 ikachukua jina hilo hilo bila haya. Mimi nilipokisikia kisa hiki nilicheka, halafu nikaacha kucheka, maana sanduku hilo liko hapa kwetu pia.

Dadangu mkubwa aliifanya kazi hii miezi mitano kwa kampuni ambayo sitaitaja. Sisi wa shule ya kutwa husomea nyumbani jioni, kwa hivyo nilikuwa nikimwona. Anapewa picha ya barabara ya ng'ambo iliyopigwa na kamera ya gari. Anachora mstari kulizunguka kila gari, kila mtu, kila mti na kila taa, ili magari yanayojiendesha yajifunze njia. Picha moja yaweza kumla saa nzima. Mstari ukienda upande kidogo tu, picha inarudishwa, na muda wa kuirudia haulipwi. Nilimwuliza kama mkokoteni umo katika orodha yake ya vitu. Akasema haumo. (Sasa gari hilo likifika Gikomba litafanyaje?) Hata hivyo sisemi kazi ni mbaya. Pesa hizo ndizo zilizonilipia chakula cha mchana hapa shuleni muhula mzima.

Programu zinazojibu maswali zina vibarua wao pia. Mmoja huwekewa majibu mawili achague lililo bora. Mwingine husoma uchafu. Mnamo Januari 2023 gazeti la TIME la Marekani lilieleza kwamba OpenAI, wenye ChatGPT, walikuwa wameipa kazi hiyo kampuni ya Sama, na waliosoma walikuwa Nairobi. Walisoma maandishi ya mauaji, mateso na watoto kunajisiwa, wakiyatia alama ili mashine ijifunze kuyatambua na kuyakataa. Mshahara uliomfikia mfanyakazi ulikuwa kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa, yaani kama shilingi 150 hadi 225 wakati ule. Kampuni ilisema washauri nasaha walikuwepo. Wafanyakazi walisema msaada huo haukuwafaa. Kwa hivyo ile adabu ya ChatGPT ambayo watu huisifu ilinunuliwa kwa usingizi wa mtu fulani wa hapa hapa.

Hawakunyamaza lakini. Tarehe 1 Mei 2023 wafanyakazi zaidi ya 150 wa kazi za namna hii walikutana Nairobi wakapiga kura ya kuunda chama chao. Julai mwaka huo, baadhi ya waliosoma yale maandishi wakapeleka ombi Bungeni kazi hizi zichunguzwe.

Wengi wetu tutamaliza kidato cha nne na tutaitwa kwa kazi hii, maana inatafuta vijana wanaojua Kiingereza na tarakilishi. Ukiitwa, uliza kabla ya kutia sahihi. Nalipwa kwa saa ama kwa picha? Ikirudishwa, nani analipa muda wangu? Nitasomeshwa mambo gani, na yakinizidi nitaongea na nani? Dadangu hakuuliza hata moja. Alikuwa na haraka ya kupata kazi, na sisi nyumbani tulikuwa na haraka kumshinda.