Je, Wajua? Soni na Ireland

Je, wajua kwamba Soni, nchini Tanzania, penye maporomoko ya maji njiani kutoka Mombo kwenda Lushoto, inashiriki na Ireland ya mbali hadithi moja ya huzuni? Hapo, katika shule ya bweni ya St Michael's, watoto walitendewa madhila katika miaka ya 1960 na baadhi ya mapadri wa shirika la Kikatoliki la Rosmini. Watoto hao, wakiisha kuota mvi, wakatoa ushahidi wao hadharani katika filamu ya BBC mwaka 2011. Mmoja wa mapadri hao, aliyetukuzwa mno London, alikuwa amerudisha nishani ya Malkia wa Uingereza kabla ya kufa.

Shirika lilo hilo liliendesha huko Ireland shule za Upton na Ferryhouse, ambazo madhila yake yalifichuliwa katika Ripoti ya Ryan ya 2009, uchunguzi wa dola wenye juzuu tano.

Baadhi ya waandishi wa Ireland, hata hivyo, waliitangulia dola kuyasema hayo. Mannix Flynn, aliyefungiwa utotoni katika shule ya namna hiyo huko Letterfrack, alitoa riwaya yake juu ya hayo mwaka 1983: miaka 26 kabla ya ripoti!

Na hata baada ya ripoti waandishi hawakunyamaza: katika kisa cha Claire Keegan wa Ireland cha 2021, muuza makaa ya mawe afungua banda la makaa la watawa alfajiri ya baridi, karibu na Krismasi, akamkuta humo msichana aliyefungiwa. Kitabu chenyewe ni kidogo. Jioni moja yatosha kukimaliza.