Kina Mazrui wa Mvita

Mtajie jina la Mazrui mtu wa Dodoma au wa Kisumu, atakumbuka mtu mmoja tu: Profesa Ali Mazrui, yule aliyeizungusha Afrika mbele ya kamera za televisheni mwaka 1986 na kueleza kwamba bara hili lina urithi wa aina tatu, wa wenyeji, wa Kiislamu na wa Magharibi. Mtajie mtu wa Mji wa Kale, Mombasa, naye atakurudishia maswali. Mazrui gani? Wa Gazi au wa Takaungu? Wa kwa masheikh? Halafu huenda akanyoosha mkono kuelekea Ngomeni, maana ile ngome waliyoijenga Wareno ilikaliwa na watu wa jina hilo kwa muda unaokaribia miaka mia.

Jina lenyewe ni la kabila la Oman. Kwa Kiarabu lina mzizi mmoja na zaraa, yaani kilimo, na kwa sababu hiyo wako wanaopenda kusema kwamba wahenga wa ukoo huu walikuwa wakulima. Mimi siendi mbali hivyo. Jina la kabila halimwambii mtu kazi ya babu wa kumi. Kabila linajulikana Rustaq, huko Oman, na linajulikana pia Abu Dhabi, ambako Mazari, ndivyo Wamazrui wanavyoitwa huko, wamo katika muungano wa makabila wa Bani Yas. Huko hakuna anayeshangaa kulisikia. Waziri wa nishati wa Falme za Kiarabu, Suhail Al Mazrouei, analo hilohilo, ila limeandikwa kwa tahajia ya kwao. Uadimu wake ni wa huku kwetu, na una sababu zake.

Waomani walipowatoa Wareno Ngomeni mwaka 1698, Mombasa ikawa chini ya maliwali waliotumwa kutoka ng'ambo, na katika karne ya 18 uliwali ukaangukia mikononi mwa Wamazrui. Mambo yalibadilika pale Ahmad bin Said wa ukoo wa Busaidi alipojitwalia utawala wa Oman. Liwali Muhammad bin Uthman al-Mazrui hakuona sababu ya kumtii: huyu kajipa nchi ya kwao, naye atajipa Mombasa. Jibu lililokuja ni wauaji, nao wakamwua humohumo Ngomeni mwaka 1746. Ndugu yake, Ali bin Uthman, alitoroka, akakusanya watu, akairudisha ngome. Tangu hapo hadi 1837 aliyetawala Mvita, yaani Mombasa, alikuwa Mmazrui.

Hawakutawala kwa mizinga peke yake. Mji ulikuwa na wenyewe, Thenashara Taifa, waliogawanyika Tisa Taifa upande mmoja na Taifa Tatu upande wa pili, na liwali aliyetaka kulala usingizi ilimbidi awe msuluhishi baina yao. Bara kulikuwa na Wadigo, Waduruma, Wagiriama na wenzao, ambao bila maafikiano nao mji usingepata chakula wala askari. Wamazrui wakaoa mjini, watoto wakalelewa na mama wa Kimvita, lugha ya nyumbani ikawa Kiswahili. Muyaka bin Haji, malenga mkubwa wa mji ule, alitunga akiwa upande wao, akiwachokoza wa Lamu na wa Unguja kwa niaba yao. Hata madhehebu yalibadilika: waliokuja wakiwa Maibadhi, wengi wa wajukuu zao wakawa Mashafii kama majirani. Kilichosalia cha Oman, ukitoa nasaba, ni jina.

Mwaka 1837 Seyyid Said, mtawala wa Kibusaidi, aliwashinda kwa hila zaidi kuliko kwa vita. Wakubwa wa ukoo walikamatwa, wakapakiwa chomboni, wakapelekwa Bandar Abbas, Uajemi, na hawakurudi. Walionusurika walitawanyika, kundi moja kusini hadi Gazi, jingine kaskazini hadi Takaungu. Ndiyo maana yule mzee wa Mji wa Kale anauliza ni Mazrui wa wapi. Jina lililokuwa la ngome moja likawa na milango miwili, na milango hiyo haikupendana sana.

Huko mashambani maisha yalikuwa ya minazi na nafaka, na kazi ilifanywa na watumwa. Hili huwa linarukwa katika masimulizi ya kifahari ya koo za pwani, nami sioni kwa nini lirukwe. Pwani nzima ilikuwepo desturi ya aliyeachwa huru kujinasibisha kwa ukoo wa bwana wake, na kwa namna hiyo majina makubwa yaliingia katika nyumba ambazo hazikuwa na damu ya Oman. Kila mji una watu wanaojua nani ni nani, na kila mji una adabu ya kutolisema hadharani.

Vita vya mwisho vilizuka 1895. Alipokufa liwali wa Takaungu, Waingereza walimchagua mrithi waliyemtaka wao, wakampita mwenye haki zaidi kwa umri. Hapo milango miwili ikasahau ugomvi. Mbaruk bin Rashid wa Gazi, mzee aliyekwisha kupigana na masultani wa Unguja mara nyingi, aliingia msituni pamoja na vijana wa Takaungu. Mwaka uliofuata alivuka mpaka na maelfu ya wafuasi, akajisalimisha kwa Wajerumani, akaishia Dar es Salaam.

Baada ya hapo jina likaenda kwa vitabu. Njia ilikuwa imeshafunguliwa na Sheikh Ali bin Abdalla Mazrui, mwanachuoni aliyefungwa Unguja na Sultani Barghash kwa sababu ya mafunzo yake, akatoka Barghash alipofariki mwaka 1888. Mwanawe, Sheikh al-Amin, alizaliwa 1891, akawa Kadhi Mkuu wa Kenya na mhariri wa Sahifa na Al-Islah, magazeti yaliyowakaripia Waislamu wa pwani kwa kuzubaa. Pia aliandika kwa Kiarabu historia ya ukoo wake, na mauti yalimkuta 1947 hajaimaliza. Mwanafunzi wake, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, naye akawa Kadhi Mkuu. Kisha ndio profesa.

Itazame silsila hiyo: Ali akamzaa al-Amin, al-Amin akamzaa Ali, na profesa Ali naye akamzaa al-Amin. Ni desturi ya pwani, mjukuu kupewa jina la babu. Mtu hujulikana kwa jina lake, la baba na la babu, yakiunganishwa na bin au binti. Nisba ya kabila huja mwisho, na mara nyingi haitajwi kabisa kwa kuwa mji unaijua. Mwanamke akiolewa habadilishi kitu: alizaliwa binti fulani na atazikwa binti fulani. Lakini watoto wake huchukua nisba ya baba yao, kwa hiyo kila binti wa Kimazrui anayeolewa nje anaacha jina nyuma. Zamani wazee walilizuia hilo kwa kumwoza kwa mtoto wa ami yake, na kwa kushikilia kufu, yaani usawa wa hadhi baina ya waoanao, kwani katika fiqhi ya Kishafii nasaba ni moja ya mambo yanayopimwa. Ukoo uliopoteza wakubwa wake kwa mkupuo mmoja, ukabana ndoa zake, hauwezi kuwa na watu wengi.

Nje ya Mombasa utawakuta wachache, hasa visiwani. Pemba ilikuwa chini ya Wamazrui hadi miaka ya 1820, na katika siasa za Zanzibar za leo yuko Nassor Ahmed Mazrui, mwanasiasa wa ACT-Wazalendo aliyeingia serikalini kuongoza wizara ya afya.

Shule na pasipoti ndizo zilizoifanya nisba kuwa jina la mwisho kwa maana ya kisasa, na wengine zikawafutia. Fomu ya kitambulisho inataka majina matatu. Baba akiandika lake, la babu na la mtoto, nafasi imekwisha. Wako vijana Mombasa ambao kwa karatasi ni Salim Rashid Khamis, kama maelfu ya wengine, na mwajiri wao hajui lolote. Wakipeleka posa, wazee wa upande wa mke huuliza jina la nne.