Zilipendwa hazikurekodiwa vibaya, kopi uliyonayo ndiyo mbovu

Kuna kauli naisikia sana hapa mjini Songea kwa vijana wenzangu: eti nyimbo za zamani zina ujumbe mzuri ila sauti mbovu, kwa sababu enzi zile Bongo hakukuwa na studio za maana. Ukimwekea mtu Sikinde anakwambia "punguza bwana, hiyo inakwaruza". Leo nabisha. Nitabisha kwa kutaja albamu kabisa, na nitaeleza kwa nini unachokisikia wewe sio kile kilichorekodiwa.

Tuanze na RTD, yaani Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo leo ni TBC. Kwa miaka mingi, hasa miaka ya 70 na 80, bendi ya dansi ikitaka kurekodi hapa nchini mahali pa kwenda palikuwa pale. Studio ile haikujengwa kwa ajili ya kuuza santuri, ilikuwa ni kwa ajili ya kurusha nyimbo hewani. Bendi nzima inaingia chumba kimoja: magitaa, besi, tumba, drums, wapuliza tarumbeta na mdomo wa bata, waimbaji. Maikrofoni chache, fundi mitambo anapanga nani akae karibu na nani asogee nyuma, halafu mkanda unazungushwa na wote wanapiga kwa pamoja mwanzo mpaka mwisho. Hakuna cha kusema "sauti nitaingiza kesho". Mpuliza tarumbeta akikosea, wote mnarudia.

Sasa wengine wanaona huo ni umaskini. Mimi naona ndiyo siri yenyewe. Bendi zile zilikuwa zinapiga wimbo ukumbini wiki hata miezi kabla ya kwenda redioni, kwa hiyo wakifika studio kila mtu anajua apige kwa nguvu kiasi gani ili mwenzake asikike. Mizani ya sauti ilikuwa mikononi mwa wapigaji wenyewe. Na kwa kuwa wako chumba kimoja, sauti ya kila chombo inavuja kidogo kwenye maikrofoni ya jirani, na ule uvujaji ndio unaokupa hisia kwamba umesimama mbele ya bendi. Siku hizi kila kitu kinarekodiwa peke yake, halafu prodyuza anatafuta programu ya kutengeneza hicho chumba kwa uongo.

Kama huamini, tafuta Zanzibara 5, albamu iliyopewa jina la Hot in Dar. Ni mkusanyiko wa muziki wa dansi wa 1978 hadi 1983, umetolewa na lebo ya Buda Musique ya Ufaransa, na aliyekusanya ni Mjerumani Werner Graebner ambaye amefanya kazi kubwa sana kwenye muziki wetu. Vitu vya RTD hivyo, vimechukuliwa kwenye mikanda na sio kwenye kaseti ya mtaani. Siku ukiisikia kopi safi utashangaa besi ilivyo nzito na duara, na jinsi magitaa yanavyosukana: solo anaongea, wa pili anamjibu, ridhim anashona chini. Muziki wetu wa dansi umejengwa kwenye huo mfumo wa magitaa kusukana. Ukiwa na kopi mbovu unasikia gitaa moja tu linapiga kelele, na hapo ndipo unaposema wazee hawakujua kurekodi! Ngoja ifike chemko, ile sehemu ya pili wimbo unapokolea, usikilize tumba. Utausikia mkono ukigusa ngozi.

Kwa hiyo sauti ilipotelea wapi? Njiani.

Hebu fikiria safari yake mpaka kufika huku, kilomita zaidi ya 900 kutoka Dar. Wazee wetu waliupata wimbo kwanza kwa masafa ya kati na masafa mafupi, yenye mikwaruzo na sauti inayokuja na kuondoka. Mwenye redio kaseti akaurekodi hapo hapo hewani. Jirani akaazima, akarekodi kutoka kwenye kaseti kwenda kaseti, mara nyingi kwa ile haispidi ili kuokoa muda. Jirani wa jirani naye hivyo hivyo. Mkanda wa redioni una upana wa robo inchi, yaani milimita 6 na ushee, na hukimbia sentimeta 19 au 38 kwa sekunde. Mkanda wa kaseti hauzidi milimita 4, umegawanywa njia nne za upande A na B, na unakwenda sentimeta 4.75 tu kwa sekunde. Kila ukikopi, sauti za juu zinapungua (sahani za drums, kayamba, pumzi ya mwimbaji) na ule mchemko wa "shiiii" unaongezeka. Kopi ya nne au ya tano haina tena kitu cha kukisifia.

Halafu kuna la kwetu hapa. Songea imeungwa gridi ya Taifa mwaka 2018 tu, baada ya ile laini ya Makambako hadi Songea kukamilika. Kabla ya hapo ilikuwa majenereta ya dizeli, na nyumba nyingi muziki ulikuwa wa betri, zile ulizokuwa unazianika juani zipate nguvu kidogo. Betri zikichoka mota inazunguka polepole, Bitchuka mwenye sauti ya juu kuliko wote anaimba kama mzee mwenye mafua. Watu wamekua wakidhani Sikinde ndiyo hiyo.

Kizazi chetu kikaja na ubovu wake. CD ya kawaida inabeba kilobiti 1,411 kwa kila sekunde. Wimbo wa dakika tano ukiuweka wote bila kuubana unakula kama MB 53. Ukiubana kuwa MP3 ya 128 unabaki na MB 4.8, na ile ya 64 inayopendwa na wenye memori kadi ndogo ni MB 2.4. MP3 inafanya kazi kwa kutupa sauti ambazo inakadiria sikio halitazigundua. Ya 320 inakadiria vizuri, sio rahisi kugundua. Ya 64 inatupa mpaka samani za ndani: sahani zinageuka kuwa kama mtu anakoroga maji, na kile chumba cha RTD kinafutika kabisa. Na pale kibandani jamaa akikwambia "hii nimeiboresha mpaka 320", wakati aliitoa kwenye 64, amekuuzia faili kubwa tu. Kilichotupwa hakirudi.

Albamu ya pili ninayoitetea ni ya Remmy Ongala na Super Matimila, Songs for the Poor Man, ya mwaka 1989. Hii ni njia tofauti kabisa. Walirekodi Uingereza, kwenye studio za Real World za Peter Gabriel, kijiji kinaitwa Box, mahali palipokuwa kinu zamani. Huko kila chombo kina njia yake na muda wa kuchanganya upo. Sikiliza Kipenda Roho kwa hedifoni nzuri kidogo: kila gitaa lina kiti chake na hakuna anayemkalia mwenzake. Kuna wanaosema ni safi mno, joto la ukumbini halipo. Wana hoja, hata mimi nikitaka kucheza naweka Hot in Dar. Ila ukitaka kumfundisha mtu magitaa ya dansi yanavyogawana kazi, hakuna darasa zaidi ya hili.

Lebo hiyo hiyo ilitoa Chibite ya Hukwe Zawose, 1996. Yule mzee wa Kigogo aliyefariki Bagamoyo mwaka 2003. Ilimba ni chombo kigumu kurekodi, kwa sababu pamoja na noti kuna ule mtetemo unaovuma juu yake, ambao fundi asiyejua anaweza kudhani ni kasoro akaukata. Hapa wameuacha. Mwaka 2024 Pendo na Leah Zawose wametoa Maisha, kama The Zawose Queens, kwa lebo ile ile. Ukizisikiliza zote mbili siku moja utafaidi.

Taarab sitaisema sana, naijua kidogo. Ila zile albamu za GlobeStyle za kuanzia 1988, ikiwemo ya Ikhwani Safaa, zilirekodiwa Zanzibar kwenyewe, na fidla zikiingia pamoja unaona kabisa ni watu wengi na sio kinanda.

Na Bongo Fleva? Ipo moja lazima: Machozi, Jasho na Damu ya Profesa Jay, 2001, kazi ya P-Funk pale Bongo Records. Biti inagonga lakini imeacha nafasi katikati, na sauti ya Jay inakaa kwenye hiyo nafasi, hupotezi neno. Linganisha na nyimbo nyingi za sasa zinazobanwa mpaka kila kitu kina kelele sawa. Ndiyo maana ukitoka kwenye wimbo mpya kwenda wa zamani unaona wa zamani una sauti ndogo. Ongeza volyumu basi! Kabla ya kulinganisha kopi mbili, zisawazishe kwanza, maana sikio linadanganywa na chenye kelele zaidi. Na punguza sabufa. Ile besi ya kutikisa bati inafunika magitaa yote.

Wadau, kuna jambo linaniuma kwenye hili. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 mradi wa Tanzania Heritage Project ulipiga sana kelele kuhusu mikanda ya RTD, kwamba ihamishiwe kwenye dijitali kabla haijaharibika. Mkanda haungoji mtu. Ile rangi ya kahawia inayobeba sauti inabanduka, na mashine za kuuchezesha zinazidi kuadimika. Kilichopo kwenye CD ni sehemu ndogo tu ya kilichorekodiwa, kwa hiyo kaseti iliyoko chini ya kitanda cha babu Lizaboni au Peramiho inaweza kuwa na wimbo ambao wewe na mimi hatutaupata popote.

Kama unayo, usiichezeshe kwenye redio yoyote tu. Safisha kichwa cha redio kwa pamba na spiriti, weka betri mpya au umeme wa uhakika, kisha vuta waya kutoka tundu la hedifoni kwenda kwenye kompyuta. Rekodi kama WAV, sio MP3. Dakika 90 zinakula kama MB 950, flashi ya GB 2 inatosha na chenji inabaki. Ila kabla ya yote, vunja vile vijino viwili vya plastiki mgongoni mwa kaseti, mtoto asije akabonyeza kitufe chekundu.