Miti ya Ole Haimo Daftarini

Pemba ni kisiwa cha chini ya kilomita za mraba 1,000, na sensa ya 2022 ilihesabu humo watu 543,441. Nyumba nyingi bado zinapikia kuni au mkaa. Mwoka mikate anataka kuni, mchoma chokaa anataka magogo ya tanuu, mjenzi anataka boriti na nguzo za kushikilia zege, seremala anataka mbao za mfenesi, mvuvi anataka dau. Ni biashara inayougusa kila mfuko kisiwani, na sehemu kubwa ya bidhaa yake haitoki msituni. Inatoka mashambani, katika sehemu kama Ole.

Ole iko Wilaya ya Chake Chake, kwenye barabara iendayo kaskazini ya kisiwa. Vilima vyake vimefunikwa na mikarafuu, na katikati yake imesimama miembe, mifenesi na minazi, chini yake migomba na mihogo. Mgeni akipita na gari atasema amekatiza msitu. Kwa takwimu za kimataifa hakuna msitu pale. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, ambalo hukusanya taarifa za misitu za nchi zote kila baada ya miaka 5, linaita msitu ardhi ya zaidi ya nusu hekta yenye miti inayoweza kupita mita 5 na kivuli kinachofunika zaidi ya asilimia 10 ya ardhi, mradi ardhi hiyo isiwe ya kilimo. Sharti la mwisho ndilo linaloitoa Ole. Mkarafuu ni zao, mwembe ni tunda, na eka tatu alizopewa mkulima baada ya Mapinduzi ya 1964 ni shamba.

Setilaiti nazo hukosea kwa upande wa pili. Picha za Landsat zinazotumika sana kupima misitu zina nukta za mita 30 kwa 30; Sentinel-2 ya Ulaya, iliyoanza kurushwa 2015, imefika mita 10. Kwa macho hayo, mkarafuu wa miaka mingi wenye majani mazito na mti wa mwitu wa msitu wa Ngezi ni kijani kimoja. Basi ramani inaweza kusema Ole ni msitu, jedwali likasema si msitu, na mfanyabiashara asipate jibu la swali lake: kwa mwaka tunaweza kukata kiasi gani bila kula mtaji?

Tanzania Bara walilitafutia swali hilo jibu. Kuanzia 2009 hadi 2014 kulifanywa tathmini kubwa ya rasilimali za misitu, maarufu kwa jina la NAFORMA, kwa fedha za Finland na utaalamu wa FAO. Timu zilikwenda kwa miguu hadi kwenye viwanja zaidi ya 30,000 vya duara, kila kimoja mita 15 kutoka katikati hadi ukingoni. Walipima unene wa shina katika kimo cha mita 1.3, wakapima urefu wa miti, wakahoji kaya kuhusu kuni na mbao wanazotumia. Jambo la maana kwetu ni kwamba hawakuishia misituni: viwanja vilivyoangukia mashambani na vijijini navyo vilipimwa. Majibu yalionesha hekta milioni 48.1 za misitu, zaidi ya nusu ya ardhi ya Bara. Yalionesha pia pengo. Kiasi kinachoweza kuvunwa kwa mwaka bila kuumiza misitu kilikadiriwa kuwa mita za ujazo milioni 42.8, na mahitaji yalikuwa milioni 62.3. Pengo hilo la milioni 19.5 ni habari ya kiuchumi kabla ya kuwa ya mazingira. Linamwambia mwenye mtaji wapi apande miti, na linaiambia hazina ni mapato gani yanayoelekea kukauka.

Zanzibar haikuwamo. Misitu si jambo la Muungano. Visiwa vina Idara yake ya misitu na Sheria yake ya misitu, namba 10 ya 1996. Havikukaa bure, kwani utafiti wa miti yote, ya msituni na ya mashambani, ulifanywa 1997 na ukarudiwa 2013, nao pia kwa msaada wa Finland. Kuuita utafiti wa miti badala ya misitu lilikuwa wazo sahihi kabisa kwa visiwa vya aina hii. Lakini kati ya kipimo na kipimo ilipita miaka 16. Mfanyabiashara anayehesabu mali ya ghala lake mara moja kwa miaka 16 hatakopeshwa na benki yoyote.

Katikati ya vipimo hivyo ulikuja mradi wa HIMA, Hifadhi ya Misitu ya Asili, ulioanza 2010 chini ya shirika la CARE kwa fedha za Norway. Shehia 45 za Unguja na Pemba ziliingia, watu wa vijiji wakafundishwa kupima miti yao, na ahadi ilikuwa kuuza kaboni. Mradi ulimalizika bila kaboni hiyo kupata soko. Naamini hasara kubwa ya pale haikuwa fedha. Watu waliojifunza kupima waliachwa bila mtu wa kuyapokea matokeo yao, na ujuzi usiotumika hufa.

Mikoko ina hali yake. Takwimu zilizotumika kwa miaka mingi huipa Pemba takriban hekta 12,000 za mikoko, karibu mara mbili ya Unguja. Hii ni rahisi kuiona kutoka angani kwa sababu imekaa pembezoni, peke yake. Picha ya juu huonesha eneo likiwa limejaa kijani hata pale mafundi wa boriti walipokwishachagua mashina yote yaliyonyooka na kuacha yaliyopinda. Eneo halijapungua, mali imepungua. Lazima mtu aingie kwenye tope na kipimo mkononi.

Turudi Ole, maana mkarafuu unatufundisha jambo ambalo maofisa wa misitu hawalisemi vya kutosha. Kilichoulinda mti huu katika miaka ya karibuni ni bei. Serikali iliamua 2011 kuwa mkulima apate asilimia 80 ya bei ya soko la dunia, na kwa miaka kadhaa Shirika la Biashara la Taifa Zanzibar, ZSTC, lilinunua karafuu za daraja la kwanza kwa shilingi 14,000 kwa kilo. Kwa bei ile hakuna mwenye akili anayegeuza mkarafuu hai kuwa kuni. Sheria ya 2014 ya Maendeleo ya Karafuu imeongeza ulinzi. Lakini mwembe au mfenesi wa shamba lile lile hauna mnunuzi wa serikali wala bei ya kuulinda. Akija mwenye msumeno wa moto na fedha taslimu msimu wa ada za shule, mti wa miaka 40 unalala asubuhi moja. Mikarafuu iliyozeeka na kukauka nayo huishia jikoni, na hilo si baya kama kuna mche uliopandwa pahala pake. Nani anajua kama upo?

Taarifa ya kuanzia ipo tayari, nayo ni vibali. Kukata na kusafirisha mazao ya miti Zanzibar kunahitaji kibali, na sheha humjua mwenye shamba. Kibali kikiandika aina ya mti, unene wake kwa sentimita, shehia ulikotoka na matumizi yake, kisha kikaingizwa kwenye kompyuta badala ya kufungiwa kabatini, Idara itakuwa na mwendo wa biashara mwezi kwa mwezi. Hautakuwa kamili, kwa kuwa kuna kinachokatwa usiku. Ndiyo maana unahitaji mwenzake: viwanja vichache vya kudumu katika mashamba ya Ole na shehia nyingine za karafuu, vinavyopimwa upya kila baada ya miaka 5 na vijana wa shehia hizo hizo, kwa malipo. Programu za kukusanyia na kuchambulia data za aina hii, kama Open Foris ya FAO, hazilipiwi.

Gharama nyingine ni posho, nauli na futi za kupimia. Sehemu ya ada za vibali ikitengwa kwa kazi hiyo kisheria, upimaji hautasubiri tena mfadhili, na seremala wa Chake Chake anayelipa ada atakuwa na haki ya kuuliza mfenesi umebaki kiasi gani.