Fangasi wa damu: Dawa ya kwanza si moja kwa wote

MKAZI wa Lukole, wilayani Ngara, akipata utando mweupe mdomoni, tiba yake ni nyepesi: nistatini au vidonge vya flukonazoli. Lakini fangasi hao hao, waitwao kandida, wakiingia kwenye damu, uchaguzi wa dawa ya kwanza huwa suala la kufa na kupona.

Kandida huishi mwilini bila madhara. Hupenya hadi kwenye damu hasa kwa watoto njiti, waliopasuliwa tumbo na wagonjwa mahututi waliowekewa mipira kwenye mishipa mikubwa. Dalili kuu ni homa isiyoshuka licha ya antibayotiki.

Kwa miaka mingi tegemeo lilikuwa flukonazoli, ambayo ni nafuu na humezwa. Mwaka 2016, Chama cha Magonjwa ya Kuambukiza cha Marekani kilipendekeza watu wazima waanzishiwe dawa za kundi la ekinokandini, kama mikafungini na kaspofungini. Shirika la Afya Duniani liliingiza kundi hilo katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2021.

Sababu mojawapo ni usugu. Kandida aina ya krusei haisikii flukonazoli kwa asili yake. Aina ya auris, iliyotambuliwa Japani mwaka 2009, mara nyingi nayo haiisikii. Katika hospitali moja jijini Nairobi, aina hiyo ilikutwa kwa asilimia 38 ya wagonjwa 201 wa kandida ya damu kati ya mwaka 2010 na 2016.

Hata hivyo, ekinokandini hutolewa kwa njia ya mshipa tu, ni ghali, na hazifiki vizuri kwenye ubongo, macho na mkojo. Kwa watoto wachanga huanzwa amfoterisini B, ingawa huweza kudhuru figo. Flukonazoli bado inafaa kwa mtu mzima asiye mahututi na ambaye hajaitumia karibuni.

Ndiyo maana damu huchukuliwa kuoteshwa maabara kabla ya dawa kuanza, ingawa kipimo hicho hukosa karibu nusu ya wagonjwa. Mgonjwa mahututi hasubirishwi majibu. Kutoka Ngara, rufaa ya kwenda Bugando, Mwanza, hupitia Biharamulo na Geita, hivyo dozi ya kwanza mara nyingi huamuliwa kabla ya safari.

Tiba huendelea kwa siku 14 baada ya damu kuwa safi, na mpira wa mshipani hutolewa mapema inapowezekana. Ndugu wa mgonjwa nao wana jambo la kufanya: kumweleza daktari iwapo aliwahi kumeza flukonazoli.