Kipakatalishi Kinaposahau Mtandao

Mwanafunzi atokaye Wote, Makueni, akawasili Kwa Vonza, Kitui, yalipo makao makuu ya Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kilichopata hati yake mwaka 2013, hutarajia kipakatalishi chake kijiunge chenyewe na mtandao usiotumia waya aliouzoea. Kisipojiunga, na tasnifu ikawa inasubiriwa jioni hiyo, kasoro hii si ndogo hata kidogo. Makala haya yanafafanua chanzo chake na namna ya kuiondoa.

Ifahamike kwamba kipakatalishi hakikumbuki mahali, hukumbuka majina. Kila mtandao kilichowahi kujiunga nao hukiachia kumbukumbu yenye jina, nywila, aina ya usalama, na idhini ya kujiunga bila kuamriwa. Kinapoamka, hulinganisha majina yaliyo hewani na yale kilichoyahifadhi. Iwapo mwenye ruta amebadilisha nywila, kumbukumbu ya zamani huwa kizuizi. Kabla ya lolote, simu ijaribiwe kwenye mtandao uo huo. Nayo ikikwama, yaelekea hitilafu i katika ruta, na kipakatalishi kiachwe kilivyo. La sivyo, mtandao husika ufutwe kwa amri ya "kusahau", kisha uunganishwe upya, na kisanduku cha kuunganisha kiotomatiki kitiwe alama. Kinaya ni kwamba dawa ya usahaulifu huu ni kusahau kabisa.

Tatizo likijitokeza tu baada ya mashine kulala, lawama huiangukia Windows, ambayo huweza kuzima kadi ya mtandao ili kuhifadhi betri. Idhini hiyo huondolewa katika sifa za kadi, sehemu ya usimamizi wa umeme, ingawa baadhi ya mashine mpya hazina sehemu hiyo. Aidha, huduma iitwayo WLAN AutoConfig sharti iwe inaendeshwa.

Mitandao ya vyuo ina mambo yake. Katika eduroam, ambayo nchini Kenya husimamiwa na KENET, kila mtumiaji hujitambulisha kwa jina na nywila yake, nayo mashine hukagua cheti cha kielektroniki chenye tarehe za mwanzo na mwisho. Kipakatalishi kikuukuu ambacho betri ndogo ya saa imekufa huweza kudhani kingali mwaka 2010, kikakikataa cheti halali! Wengi hubadilisha nywila mara tatu bila kuitazama saa. Vilevile, baadhi ya mitandao hutambua mashine kwa anwani ya kadi yake. Ikiwa Windows imeruhusiwa kubadilisha anwani hiyo kila siku, mwenyeji wa jana huonekana mgeni leo.

Kwa mitandao ya hoteli au mikahawa isiyo na nywila, kisanduku kile ni heri kibaki bila alama. Jina huigwa kwa urahisi, na kipakatalishi hakiulizi mwenye jina ni nani.