Pikapu Imegoma Kuwaka: Tuanzie Wapi?



Asubuhi moja ya Julai nilikuwa Marangu Mtoni. Baridi ilikuwa kali. Pikapu ya zamani ilikuwa imejaa ndizi za kikundi cha akina mama, tayari kushuka Moshi sokoni. Dereva akageuza ufunguo. Tak! Halafu kimya.

"Betri imekufa," akasema. "Tuchange tununue nyingine."

"Baba, hiyo hela tutaitoa wapi, na ndizi hatujauza?" mama mmoja akamjibu.

Akapita fundi mmoja mzee. Tukamwamkia. "Marahaba," akasema. "Kabla hamjachanga, washeni taa kubwa."

Taa ziliwaka vizuri. Akamwambia dereva apige stata. Taa zikazimika kabisa. Alipoachia ufunguo, zikarudi. Mzee akagusa kwa uangalifu vichwa viwili vya betri. Kile cha hasi kilikuwa cha moto. "Ugonjwa uko hapa," akasema.

Kwa nini? Stata inakula umeme mwingi sana kuliko taa. Umeme ni kama maji ya mfongo. Mfongo ukizibwa na majani, maji kidogo yatapita. Yatatosha mgomba mmoja, lakini hayatoshi shamba zima. Ule unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri ndiyo majani yenyewe. Na pale penye kizuizi hupata moto.

Dereva akafungua waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya. Ukianza na chanya, spana ikagusa bodi, inapiga shoti. Wakaosha kwa maji ya moto, wakasugua kwa msasa. Wakafunga chanya kwanza, hasi mwisho. Sigara mbali, maana betri hutoa gesi inayoweza kulipuka. Gari likawaka! Gharama yake kipande cha msasa tu.

Sasa, stata ikizunguka kwa nguvu lakini injini haiwaki, usiilaumu betri. Nasema pikapu za petroli zenye kabureta; hizi mpya za kompyuta zina mambo yake. Fungua plagi moja. Imelowa na inanuka petroli? Basi petroli inafika, ila cheche hakuna. Tazama waya za plagi, koili na pointi, hasa wakati wa masika, kwani unyevu hupoteza umeme njiani. Plagi ni kavu? Petroli haifiki. Tazama tangi, chujio na pampu.

Jambo linalonitia hofu zaidi ni ile taa nyekundu ya betri kuwaka safarini. Wengi husema, "Tutafika tu." Jamani! Katika pikapu nyingi za zamani, mkanda unaozungusha alteneta ndio huo huo unaozungusha pampu ya maji. Ukikatika, betri haichajiwi, na maji hayazunguki kupoza injini. Ukipanda na mzigo kutoka Himo kwenda Marangu, injini itachemka kabla hujafika. Simama, zima. Usifungue kifuniko cha rejeta kikiwa cha moto, mvuke utakuunguza uso. Injini ikipoa, tazama mkanda. Kama upo, ubonyeze katikati kwa kidole gumba. Uingie kama sentimita 1 hivi. Ukilegea sana, unateleza.

Wale akina mama walifika Moshi saa nne. Walichelewa kidogo, lakini ndizi waliziuza, na fedha ya betri ilibaki kibindoni.